Pua aliyoipoteza Uingereza

Machi 2003, mjini Birmingham, mbwa mdogo mwenye uso bapa, aina ya Pekingese, aliyeitwa Danny alitwaa taji kuu la Crufts, maonyesho ya mbwa yenye jina kubwa kuliko yote Uingereza. Mashindano yalifanyika ndani ya ukumbi, na huko mwezi wa tatu bado ni baridi. Hata hivyo, ulipofika wakati wa kupiga picha na kombe, Danny alikalishwa juu ya barafu kwa sababu mwili ulikuwa umemchemka. Baadaye ikajulikana kwamba alishafanyiwa upasuaji wa kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, ili hewa ipite. Huyo ndiye aliyewashinda mbwa wote waliofika pale.

Sasa mchukue mbwa wa umbo hilo, umlete Dodoma mwezi wa kumi na moja. Mvua bado, upepo unabeba vumbi jekundu kutoka kila kiwanja kinachojengwa, na saa nane mchana kipimajoto kinapita digrii 30. Swali si kama atateseka, maana hilo halina mjadala. Ninachouliza ni kwa nini tunamnunua, tena kwa fahari, na nadhani jibu limo kwenye historia tunayouziwa pamoja naye.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na hasa baada ya mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, mitaa kama Ilazo, Kisasa, Njedengwa na Iyumbu imejaa nyumba zenye ukuta na geti. Zamani mbwa wa Dodoma alikuwa na kazi. Alilala nje ya zizi, akabweka fisi akisogea, akafuatana na watoto machungani, akala kilichobaki. Leo kuna mbwa wanaolala kwenye sofa, na mimi sina ugomvi na sofa. Mtu akipenda kiumbe kidogo cha kumpokea akirudi kutoka kazini Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, jioni, heri yake. Ugomvi wangu ni na maneno matatu yanayorudiwarudiwa katika matangazo ya wauzaji: mbwa wa kifalme, mbwa wa kale, damu safi. La kwanza ni kweli, la pili nusu yake ni kweli, na la tatu ndilo linalomziba mbwa pumzi.

Tuanze na ufalme. Pekingese alifugwa katika kasri za wafalme wa China, na enzi yake ya mwisho ya fahari ilikuwa chini ya nasaba ya Qing. Matowashi ndio waliowatunza. Wadogo kabisa waliitwa mbwa wa mikononi, kwa kuwa waliweza kubebwa ndani ya mikono mipana ya majoho ya wakubwa wa kasri. Umbo lake lilifuata umbo la simba wa sanamu, yule mlinzi wa mahekalu ya Kibuddha: manyoya shingoni, kifua kipana, miguu ya mbele iliyopinda, uso mfupi. China haina simba wa porini, hivyo mafundi wao walichonga simba wa kusimuliwa, kisha wafugaji wakamtafuta simba huyo ndani ya mbwa. (Mgogo wa Manyoni, ambaye babu yake alimjua simba kwa hasara ya ndama, angecheka sana.) Hakuwa mbwa wa kuwinda wala wa kulinda. Kazi yake ilikuwa kupendeza na kukaa karibu na wenye mamlaka.

Alitokaje huko? Hapa wauzaji hunyamaza, na ndipo penye utamu na uchungu wa habari yenyewe.

Mwaka 1860, katika Vita vya Pili vya Afyuni, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliikaribia Beijing. Mfalme Xianfeng alikimbilia Rehe, kaskazini, pamoja na sehemu ya watu wake. Miongoni mwao alikuwemo mke mdogo ambaye baadaye dunia ingemjua kama Malkia Mama Cixi. Mwanzoni mwa Oktoba askari wa mataifa hayo mawili waliingia Yuanmingyuan, bustani na kasri za kiangazi nje ya mji, wakapora kila kilichobebeka: hariri, saa, vyombo vya jade, vitabu. Tarehe 18 mwezi huohuo Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, aliamuru majengo yachomwe moto, kulipiza kisasi kwa mateka waliokuwa wameteswa na kufa mikononi mwa Wachina. Huyu Elgin ni mtoto wa yule Elgin aliyeng'oa mawe ya sanamu ya Parthenon, hekalu la kale kule Athens. Familia nyingine hurithishana duka, hii ilirithishana jambo jingine.

Katika vurugu hizo walipatikana mbwa wadogo watano. Husimuliwa kwamba walikutwa kando ya maiti ya shangazi wa mfalme aliyejiua asikamatwe, na kwamba wengine waliuawa kwa amri ili wasiangukie mikononi mwa wageni. Simulizi hizi zimenogeshwa na wafugaji wa Kiingereza kwa zaidi ya karne nzima, nami sioni sababu ya kuzibeba zote. Yasiyo na shaka yanatosha. Wawili walichukuliwa na Lord John Hay, mmoja wao akaishia kwa dada yake, mke wa Duke (cheo cha juu cha ukabaila) wa Wellington. Wawili wengine walifika kwa Duke wa Richmond, na katika jumba lake la Goodwood ukaanzishwa ukoo wa kwanza wa Pekingese Ulaya. Wa tano alichukuliwa na Kapteni John Hart Dunne wa kikosi cha 99, akapelekwa kwa Malkia Victoria mwaka 1861. Jina alilopewa ni Looty, kutokana na neno lao la mali ya kuporwa. Hawakuona haya hata kidogo. Mbwa aliitwa jina la kosa lililomleta, na likachekesha mezani.

Mwaka huohuo malkia aliagiza achorwe, na mchoraji Friedrich Keyl akamweka Looty kando ya chombo cha udongo cha Kijapani ili mtazamaji auone udogo wake, na karibu yake ukanda wa shingoni wenye njuga. Ipo pia picha ya kamera iliyopigwa mwaka 1865. Zitazame kwa makini picha hizo mbili. Uso ni mfupi, macho ni makubwa, manyoya yapo ya kutosha lakini hayajafika sakafuni. Na pua ipo. Imejitokeza mbele ya macho, ina nafasi ya kuvutia hewa. Looty aliishi Windsor hadi mwaka 1872, zaidi ya miaka kumi baada ya kutoka Beijing.

Sisi tunazijua habari za vitu kuchukuliwa. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954 baada ya zaidi ya nusu karne ughaibuni, na mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru ingali Berlin. Lakini mijusi ya Tendaguru haizai, mbwa anazaa. Mali hii ya kuporwa ilikuwa na uwezo wa kuongezeka, na aliyeishika ndiye aliyeamua iongezeke kwa umbo gani.

Hapo ndipo hadithi inapohama China na kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1859, mwaka mmoja kabla ya kasri kuchomwa, Newcastle ilifanya maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club mjini London, nayo ikaja na kitu ambacho ufugaji wa mbwa haukuwa nacho kwa ukubwa ule: daftari. Mbwa aliyeandikwa baba na mama yake ni wa aina fulani, asiyeandikwa si wa aina hiyo, basi. Baadaye daftari likafungwa, na kuanzia hapo walioruhusiwa kupandishwa ni wale tu ambao wazazi wao tayari wamo. Damu safi katika maana tunayouziwa leo ni hiyo, wala si jambo la kale la wafalme. Ni utaratibu wa klabu ya mabwana wa mjini, wa juzi tu, umri wake haujafika hata miaka 200.

Daftari lilihitaji mbwa, na wale watano na watoto wao hawakutosha. Mwaka 1896 jozi nyingine ilitolewa China na familia ya Douglas Murray: dume Ah Cum na jike Mimosa. Nasaba nyingi za Pekingese wa Magharibi zinampitia huyo Ah Cum. Alipokufa alikaushwa, na hadi leo yumo kwenye jumba la makumbusho la Tring, kaskazini-magharibi mwa London. Anayetaka kujua mbwa wa kasri alifananaje hana haja ya kubahatisha, aende akamtazame. Ni mbwa mwepesi mwenye miguu inayoonekana, na uso wake ni mfupi bila kuwa bapa. Akiingizwa leo katika mashindano ya Pekingese, jaji angempita bila kumtazama mara mbili, ingawa ndiye babu yao.

Baada ya hapo mbwa akawa pambo la matajiri wa pande mbili za Atlantiki. Cixi mwenyewe, akiwa sasa anatafuta urafiki na Wamarekani, aliwagawia wageni wake mbwa. Alice Roosevelt, binti wa rais, alipata wake mweusi mwaka 1905 akamwita Manchu. Klabu ya Marekani ilianza kuwaandikisha mwaka 1906. Aprili 1912 meli ya Titanic ilipozama, mbwa watatu tu waliokolewa, na mmoja wao alikuwa Pekingese wa tajiri Henry Harper, aliyeitwa Sun Yat Sen, jina la mwanamapinduzi aliyetoka kuiangusha nasaba ile ile iliyomfuga mbwa huyo. Majina ya mbwa hawa yangetosha makala nyingine. Huku kwetu mtu akitaka kumpiga jirani kijembe humwita mbwa wake Mtajiju. Wao walitumia mbwa kuitania historia nzima ya taifa la watu.

Nirudi kwenye pua. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuiondoa. Utaratibu wa mashindano ulifanya kazi hiyo wenyewe, polepole. Maelezo ya aina yalisema uso uwe bapa na mpana. Majaji walisimamisha mbwa kumi mbele yao, na mwenye uso bapa zaidi akatunukiwa. Huyo ndiye aliyetakiwa na kila mwenye jike msimu uliofuata, watoto wake wakarithi, na mwaka wa pili uso bapa wa mwaka jana ukaonekana wa kawaida. Rudia hayo kwa miaka 100 ndani ya daftari lililofungwa, pasipo kuruhusu damu ya nje kuja kurekebisha, na utapata mbwa ambaye pua yake imelala katikati ya macho. Neno lililokusudia uzuri halikuwekewa kikomo, na kila jaji aliona anafuata tu maandishi.

Aibu ilikuja mwaka 2008, BBC iliporusha kipindi kuhusu maradhi ya mbwa wa daftari, na habari za Danny zikawa gumzo. Mwaka uliofuata BBC iliacha kuonyesha Crufts. Kennel Club yenyewe, ndani ya miezi michache ya kipindi kile, ilirekebisha maelezo ya Pekingese na kutaka sasa pua na taya vionekane. Hebu fikiria klabu ya kulinda aina za mbwa inalazimika kuandika, katika karne ya 21, kwamba mbwa awe na pua.

Sasa kuhusu ukale. Mwaka 2004 wanasayansi wa Marekani, wakiongozwa na Heidi Parker na Elaine Ostrander, walichunguza vinasaba vya mbwa 414 wa aina 85. Wengi walijikusanya pamoja kama ndugu wa karibu waliotengenezwa Ulaya karne ya 19. Lakini kundi dogo lilikaa kando, lenye alama za ukoo wa zamani zaidi, na Pekingese alikuwemo. Muuzaji akisema ni wa kale, basi, hadanganyi. Asichosema ni nani mwingine alikuwemo kwenye kundi hilo. Alikuwemo Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, ambaye kwa masikio yake ya kusimama, mkia uliojikunja na nywele fupi za kahawia, ukimwachia pale soko la Majengo hakuna atakayegeuka. Watu watadhani ni koko.

Na koko mwenyewe? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mwingine wa vinasaba, wa mbwa 318 wa mitaani na vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wa Uganda walionekana kwa sehemu kubwa kuwa wenyeji hasa, si mabaki ya mbwa wa kizungu waliotoroka. Wingi wa tofauti katika vinasaba vya mbwa hao wa Afrika ulilingana na ule wa mbwa wa Asia ya Mashariki. Dodoma haikupimwa katika utafiti huo, kwa hiyo sitamvika koko wa Chamwino taji lisilo lake. Lakini ukale ungekuwa ndio bei, mbwa anayelala chini ya mkokoteni pale Sabasaba asingekuwa wa bure.

Nadhani tunaikosea maana ya aina ya mnyama, na watu wa mkoa huu ndio wasiopaswa kuikosea kabisa, kwa sababu aina moja ilitengenezwa hapahapa. Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo ambacho mizizi yake ni maabara iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1905. Baadaye, chini ya Waingereza, wataalamu wa pale walianza kumtengeneza ng'ombe wa kufaa ukame wa Tanganyika ya kati, mwenye maziwa na nyama kuliko zebu wetu mdogo, yule wa kienyeji mwenye nundu, lakini asiyekufa kiangazi. Walichanganya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu wa Tanganyika, Boran, na damu kidogo ya Ulaya, hasa Ayrshire. Kufikia mwaka 1958 akapewa jina: ng'ombe wa Mpwapwa. Hakuna aliyedai alikuwa wa mtemi fulani. Hakuna aliyeficha kwamba ni mchanganyiko, maana huo mchanganyiko ndio uliokuwa sifa. Kila damu iliingizwa kwa kazi yake, na swali lilikuwa moja tu: ataishi hapa?

Swali hilohilo ukimuuliza Pekingese wa leo, jibu ni kwamba alitengenezwa aishi kwenye kapeti la ukumbi wa maonyesho, nchi ya baridi, kwa dakika chache mbele ya jaji. Hapakuwa na njama wala ukatili wa makusudi. Lakini hayo ndiyo makazi aliyochongewa, kama ng'ombe wa Mpwapwa alivyochongewa mbuga kavu.

Nilimwona mmoja mwaka jana, nyumba ya Ilazo, saa tisa alasiri. Alikuwa amelalia tumbo kwenye vigae vya baraza, pale bomba linapovuja, miguu ya nyuma kaitandaza ili tumbo lote liguse ubaridi. Ulimi ulikuwa nje, mpana, umeanza kuwa na rangi ya zambarau pembeni, na mate mazito yenye povu yakining'inia. Kila pumzi ilitoka na mkwaruzo. Chini ya macho machozi yalikuwa yameshika vumbi yakawa michirizi ya udongo. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwita daktari wa mifugo, binti mdogo aliyekuja na bodaboda na begi lake mgongoni.

“Shikamoo mama. Ameanza lini hivi?”

“Marahaba mwanangu. Kwani hivi ni vibaya? Yeye anakoroma siku zote, hata akiwa macho. Nikasema ndiyo raha yake.”

“Mama, huyu hakoromi. Anatafuta hewa.”

Akamwinua kidevu, akatuonyesha matundu ya pua. Yalikuwa michirizi miwili tu, imebana, na kila mbwa alipovuta hewa kuta zake zilizidi kukutana. Akaeleza kwa utulivu kwamba mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi. Anajipoza kwa kutweta, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua ndefu yenye utando mbichi. Ukifupisha mfupa wa pua, nyama za ndani hazifupiki kwa kiasi hicho. Kaakaa linabaki refu, linajikunja na kuziba koo, na mbwa anapotweta zaidi ili apoe, kazi ya kutweta yenyewe inamwongezea joto. Akamlowesha maji ya kawaida tumboni na miguuni, akamwekea feni, akashauri mkanda wa shingoni uondolewe na uwekwe wa kifuani, na matembezi yaishe kabla ya saa moja asubuhi. Mzee mlinzi alikuwa kasimama getini akifuatilia yote. Mwisho akasema, “Huyu halindi, analindwa,” akarudi kwenye kiti chake.

Mama wa watu hakuwa mkatili. Alimpenda mbwa wake, alimnunulia chakula bora kuliko wengi wetu tunavyokula. Alichokosa ni habari, na aliyekuwa nayo, yule muuzaji, alimwuzia ubapa wa uso kama daraja la juu. Pale mnada wa Msalato mnunuzi wa ng'ombe hufungua mdomo akahesabu meno, hushika nundu, humswaga ng'ombe hatua kadhaa aone mwendo, ndipo atoe fedha. Mtu huyohuyo akitaka mbwa wa ndani anatuma pesa kwa simu baada ya kuona picha moja ya mtoto wa wiki sita aliyevalishwa utepe.

Nitaambiwa kwamba nampamba koko. Hapana. Koko wa Dodoma ana kupe, ana njaa, wengi hawajapata chanjo ya kichaa cha mbwa, na anapigwa mawe na kila mtoto. Uimara wake umelipiwa na ndugu zake waliokufa wachanga. Lakini shida zake karibu zote zinaondoka ukimpa sindano, dawa ya kuogeshea na sahani ya dona kwa dagaa. Za Pekingese bapa haziondoki, zimo kwenye fuvu. Nitaambiwa pia kwamba mwenye nyumba yenye kiyoyozi ana haki ya kufuga atakacho. Hiyo ina mashiko kidogo, hadi siku umeme unapokatika.

Wenzetu waliomtengeneza wameanza kurudi nyuma kwa njia ya sheria. Uholanzi ilishapiga marufuku kuzalisha mbwa wenye maumbile ya kuwadhuru, na mwaka 2019 ikaweka kipimo: pua ikiwa fupi kuliko theluthi moja ya urefu wa kichwa, mzazi huyo haruhusiwi kupandishwa. Norway, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuzalisha mbwa wa Cavalier King Charles kama walivyo sasa ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama, lakini kuwachanganya na damu nyingine kwa mpango wa kuwaponya kunaruhusiwa. Hapo wamefikia alikoanzia mtaalamu wa Mpwapwa. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye biashara ya watoto wa mbwa. Ninachoogopa ni kwamba masoko ya Ulaya yakifungwa kwa mbwa bapa, wazalishaji watatafuta wanunuzi pengine, na jiji jipya lenye watu wenye mishahara na kiu ya vitu vya kifalme linaonekana vizuri kutoka mbali.

Kama ni lazima uwe naye, wapo Pekingese wa afadhali, kwa kuwa baadhi ya wazalishaji waliisikia aibu ya 2008. Chukua rula. Mpime mama na baba wa mtoto, kutoka ncha ya pua hadi kati ya macho, kisha kutoka hapo hadi kisogoni. Urefu wa kwanza usipofika nusu ya wa pili, hajafika theluthi ya Waholanzi. Muuzaji akikujibu kwamba mwenye pua ndefu si Pekingese halisi, mwonyeshe picha ya Looty ya mwaka 1865. Na kabla ya kutoa senti, mwambie akutumie video ya mama mtu akitembea uani saa nane mchana, sauti ikiwa imewashwa.